Kipakatalishi hakilali, huvumbikwa

HEBU fungua menyu ya kuzima kipakatalishi chako uyatazame maneno yaliyopangwa pale. Kwa Kiingereza utakuta vitenzi vitatu au vinne vifupi: ‘sleep’, ‘hibernate’, ‘restart’, ‘shut down’. Vinaonekana vyepesi kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuuliza maana yake, na sitashangaa ukiniambia kwamba umeimiliki mashine hiyo miaka saba bila kukibofya cha pili hata siku moja. Utata huanza pale tunapotaka kuyasema mambo hayo kwa Kiswahili. Wafasiri wetu, na siku hizi mashine za kutafsiri, hutuletea ‘lala’, ‘hali ya usingizi’ na ‘modi ya kulala’. Wakifika kwenye lile la pili hutapatapa: wengine huliandika tena ‘lala’ wakaongeza kivumishi, wengine huliacha katika Kiingereza chake likae hivyo hivyo kama mgeni aliyekosa kiti.

Nina ugomvi na neno hilo ‘lala’. Ugomvi wenyewe una pande mbili, mmoja wa sarufi na mwingine wa maana. Wa sarufi nitaumaliza upesi. Wa maana ndio unaowatia watu hasara.

Tuanze na sarufi. Katika menyu hiyo, ‘Zima’ ni amri anayopewa mtu: wewe uliyeketi hapo, zima mashine hii. Vivyo hivyo ‘Anzisha upya’. Vyote ni vitenzi elekezi, vinavyodai kitendwa, na kitendwa kinafahamika kuwa ni tarakilishi. Kisha katikati yake anaingia ‘Lala’, kitenzi kisichotaka kitendwa. Nani alale? Ukilichukulia neno kama lilivyoandikwa, mwenye mashine ndiye anayeshauriwa akajipumzishe. Kiingereza kinaponyoka kwa sababu kitenzi chake kimesimama uchi, hakionyeshi nani anamtenda nani. Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Sisi tuna mnyambuliko, na kauli ya kutendesha ya ‘lala’ ni ‘laza’. Mama humlaza mtoto. Mtoto ndiye hulala. Kwa hiyo, kama tunang’ang’ania usingizi, kitufe kingesomeka ‘Laza’.

Lakini jaribu kumwambia Mkenya yeyote, “Tarakilishi yangu imelazwa tangu jana.” Atakuuliza iko wodi gani. Kulazwa kwetu kumekwisha kutekwa na hospitali, na wanaoitwa kutengeneza mashine hizi mjini wangelipenda sana neno hilo, maana lingeendana vizuri na bili zao.

Basi, tuingie upande wa maana. Istilahi ya kiufundi huundwa ili imfahamishe mtumiaji jambo ambalo asipolijua ataumia. Mtu anayefunga kifuniko cha kipakatalishi chake anahitaji kujua mambo mawili pekee: kazi aliyokuwa akiifanya imewekwa wapi, na je, mashine bado inakula umeme? Sitajali kama neno ni tamu au limetoka katika ngeli gani ikiwa limeyajibu maswali hayo mawili. Neno ‘lala’ halijibu hata moja, na hilo la pili linalijibu kinyume. Mtu akilala, huamka na nguvu. Kipakatalishi ‘kikilala’, huamka na betri iliyopungua.

Acha nieleze kinachotokea ndani, kwa ufupi. Waraka unaouandika, kabla hujauhifadhi, unakaa katika kumbukumbu ya muda, ile ambayo wauzaji huitaja kwa herufi RAM. Kumbukumbu hiyo imejaa visehemu vidogo sana vinavyoshika chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa. Ili maandishi yasipotee, kila kisehemu lazima kijazwe upya; kipimo kilichozoeleka ni ndani ya kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja. Unapochagua ‘sleep’ ya kawaida, mashine huzima skrini, prosesa, diski na feni, lakini huendelea kuinywesha kumbukumbu ya muda. Umeme unaotumika ni mdogo, aghalabu wati moja hivi au chini ya hapo, ndiyo maana unaweza kufunga kifuniko usiku na kukifungua asubuhi ukute sentensi yako pale ulipoiachia. Mdogo, lakini si sufuri. Betri ikikauka, kumbukumbu hukauka nayo.

‘Hibernate’ ni kitendo tofauti kabisa. Hapa mashine huyachukua yote yaliyomo katika kumbukumbu ya muda, huyaandika katika faili moja kubwa kwenye diski, kisha hukata umeme wote. Ukitaka, ng’oa betri, itie mashine sandukuni, panda basi hadi Lodwar. Ukiiwasha, itasoma faili lile na kukurudisha kwenye sentensi yako. Gharama yake ni kwamba huchukua muda zaidi kuamka na hula nafasi kwenye diski.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliijua tofauti hiyo kwa njia mbaya. Ijumaa jioni alikuwa ameandika sehemu kubwa ya sura ya nne ya tasnifu yake, akafunga kifuniko bila kuhifadhi, akaiacha mashine kwenye chaja akaenda zake shereheni kijijini. Stima ikapotea mtaani kwao Jumamosi. Betri ilikuwa ya zamani, na mashine yenyewe ya zamani pia. Jumatatu alipoifungua, ilianza upya kama iliyotoka dukani, na nakala pekee aliyoipata ilikuwa ya Jumatano. Alikuja ofisini macho yamevimba. Utetezi wake haukuwa wa kiufundi hata kidogo, ulikuwa wa kiisimu: “Lakini Prof, sikuizima! Ilikuwa imelala tu!” Alikuwa sahihi kuhusu neno. Aliyelala hasahau alichokuwa akikisema kabla ya kulala. Aliamini neno lililoandikwa mbele yake, na neno ndilo lililomwangusha.

Maneno haya yametoka wapi? Tusidhani kwamba wahandisi waliyaokota kwa utafiti wa kina wa semantiki. Vipakatalishi vilipoenea mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, betri ndiyo iliyokuwa kikwazo. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa kwanza wa pamoja wa kusimamia matumizi ya umeme katika tarakilishi ndogo. Mwaka huo huo shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilianzisha nembo ya Energy Star, na tarakilishi na skrini zake zilikuwa bidhaa za kwanza kuibandikwa. Rais Bill Clinton akatoa amri mwaka 1993 kwamba ofisi za serikali ya nchi hiyo zinunue tarakilishi zenye nembo hiyo. Kwa hivyo kulala kwa mashine kulianza kama jambo la betri, kikawa pia jambo la bili ya stima na hewa chafu.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakachapisha utaratibu mpya ambao msingi wake ungali unatumika. Humo, hali za mashine zimepewa herufi na namba. S0 ni macho kabisa. S5 ni kuzimwa. Katikati kuna S1, S2, S3 na S4, na hati yenyewe huziita zote nne hali za kulala. Tazama basi: S3 ndiyo ile inayoendelea kuinywesha kumbukumbu, S4 ndiyo ile inayoandika kwenye diski na kukata umeme. Tofauti iliyomliza mwanafunzi wangu inaonekana wazi kwenye namba, lakini neno moja limezifunika zote kama blanketi.

Wauzaji wa programu nao wakaongeza chumvi. Katika Windows XP, kitufe cha S3 kiliandikwa ‘stand by’, msemo wa kumwamuru mtu asimame tayari. Haukuwa msemo mbaya. Askari wa zamu aliyesimama tayari anakula mshahara, na kila mtu anajua. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007, askari huyo akaondolewa, usingizi ukawekwa mahali pake. Kwa maoni yangu, Kiingereza kilirudi nyuma siku hiyo, nasi tukakifuata mbio.

Ama neno la pili, asili yake ni Kilatini, na limejaa baridi. Linatokana na jina la majira ya theluji. Warumi waliita kambi za majeshi yao za majira hayo kwa neno la shina hilo hilo. Baadaye likatumiwa kwa wanyama wa nchi za baridi wanaojificha mashimoni hadi jua lirejee. Sisi majira yetu ni masika na vuli, kiangazi na kipupwe, na kipupwe kikituzidi huku Limuru tunachofanya ni kutafuta sweta. Anayetaka kulitafsiri neno hilo kwa Kiswahili hana mnyama wa kumwonyesha msomaji, na ndiyo sababu ya kutapatapa niliyoitaja.

Kuna wakati darasani niliwaambia wanafunzi wamfikirie kamongo. Waliotoka kandokando ya Ziwa Victoria walicheka, maana wanamjua kwa kitoweo. Kamongo ni samaki mwenye mapafu. Dimbwi likikauka, hujizika matopeni, hujifunika kwa ute unaokauka ukawa kama gamba, akabaki humo miezi mingi akipumua kwa tundu dogo hadi mvua ikirudi. Mfano huo uliwakaa. Hata hivyo sitaki mtu yeyote aniambie kwamba napendekeza kitufe cha ‘Kamongo’. Mfano wa kufundishia ni kitu kimoja na istilahi ya kubofywa ni kitu kingine. Kosa la waundaji wengi wa istilahi nchini Kenya limekuwa kuchanganya hayo mawili: mtu hupata wazo la kupendeza katika semina, hukata vipande vya maneno na kuviunganisha, kisha hutangaza kwamba lugha imepata neno. ‘Tarakilishi’ na ‘kipakatalishi’ ninazozitumia hapa zilizaliwa hivyo. Ninazitumia kwa sababu wasomaji wa gazeti hili wamezizoea na mitihani inazidai, ingawa majirani zetu wa Tanzania wanaishi vyema na ‘kompyuta’ yao na hawajapungukiwa na kitu.

Swali la haki ni hili: je, lugha nyingine zilifanyaje? Maana Kiswahili si lugha ya kwanza kukabidhiwa orodha hii ya maneno. Wajerumani, katika Windows ya kwao, hawakutafsiri usingizi hata kidogo. Kitufe chao cha ‘sleep’ kinasema tu ‘okoa nishati’, na kile cha pili kinasema ‘hali ya utulivu’. Wahispania wameandika kwamba mashine inasitishwa. Wafaransa ndio walionifurahisha zaidi. Neno waliloliweka ni ‘veille’, ambalo ni kukesha, kukaa macho wakati wengine wamelala! Mahali ambapo Mwingereza aliona usingizi, Mfaransa aliona mkesha, na Mfaransa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli wa S3, kwa sababu kumbukumbu ile kweli inakesha. Cha pili wakakiita ‘mkesha mrefu’, na hapo wakaharibu, kwani umeme ukishakatwa hakuna anayekesha.

Fikiria sasa Mswahili wa Lubumbashi au Bukavu, ambaye mashine yake huzungumza Kifaransa, akizungumza na Mswahili wa Nakuru ambaye mashine yake huzungumza Kiingereza. Wote wawili wanataka kueleza hali ile ile kwa Kiswahili. Mmoja atasema inakesha, mwingine atasema imelala. Hiyo si tofauti ya lahaja. Ni watu wawili wanaotafsiri mabwana wawili tofauti.

Juhudi za kuifunza tarakilishi Kiswahili si za jana. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotiwa Kiswahili, na mwaka huo huo Microsoft ikatangaza mpango wa kutafsiri Windows na Office. Kazi zile zilistahili heshima. Watu walikaa na maelfu ya vipande vya maneno, mengi hayakuwahi kutamkwa kwa Kiswahili, na wakatoka na kitu kinachosomeka. Lawama yangu ni kwa njia ambayo kazi ya aina hiyo hufanywa, mradi wowote uwao: mfasiri hupewa orodha ndefu, neno moja moja, bila mashine inayofanya kazi mbele yake na bila mtu wa kumweleza S3 ni nini. Kwenye orodha kama hiyo, ‘sleep’ ni neno la darasa la kwanza. Nani atalitilia shaka? Mfasiri huandika ‘lala’ akasonga mbele, akahifadhi nguvu zake kwa maneno yanayotisha kwa sura.

Angalia pia ‘Kiokoa Betri’, maneno ambayo wengi wetu tunayaona kwenye simu zilizotiwa Kiswahili. Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini, na hapa kwetu kunaelekea kanisani moja kwa moja: betri iliyookoka. Kifanyikacho ni kwamba mwanga wa skrini hupunguzwa na programu zinazofanya kazi kichinichini huzuiwa. Kila mama mwenye nyumba ana kitenzi cha jambo hilo, nacho ni kubana matumizi. ‘Bana matumizi’ lingeeleweka hata na mtu ambaye hajawahi kushika simu.

Nimefika jikoni, na ndiko nilikotaka kufika. Kiswahili kilipoupokea umeme, hakikuunda maneno mapya ya kuutia na kuuondoa. Kiliyachukua ya moto. Taa huwashwa na huzimwa, redio huwashwa na huzimwa, tarakilishi pia. Washa na zima ni maneno ya meko, yalikuwapo kabla ya waya wa kwanza kutundikwa, na hakuna kamati iliyoketi kuyapitisha. Basi kama ncha mbili za mfumo huu ni za moto, kwa nini cha katikati kiwe cha kitandani? Je, moto hauna hali ya katikati?

Unayo, na ina kitenzi chake. Usiku, baada ya kupika, mwenye kujua meko haachi kaa likawaka bure hadi likaisha, wala halimwagii maji. Hulifunika kwa jivu. Kaa huendelea kuwa na moto ndani kwa ndani, likijila polepole sana, na alfajiri jivu huondolewa, likapulizwa kidogo, na moto ukapatikana bila kiberiti. Kufanya hivyo ni kuvumbika moto. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa kuweka ndizi chini ya majani au udongo ziive (wapo wanaosema kuvundika), na kwa kutia mbegu ardhini kungali kukavu, kabla ya mvua kunyesha.

Lilinganishe sasa na S3. Kaa lililovumbikwa linaonekana limekufa kwa nje lakini lina moto: skrini nyeusi, kumbukumbu hai. Linakula kidogo kidogo. Huamka upesi. Na ukilisahau siku tatu, utakuta jivu tupu. Hakuna mtu aliyewahi kuvumbika kaa akategemea kulikuta wiki ya pili. Maswali yangu yote mawili yamejibiwa na kitenzi kimoja, na hatari imo ndani ya neno lenyewe. Haihitaji maelezo pembeni.

Kuna na zawadi ya ziada ambayo mwanaisimu hawezi kuipita akanyamaza. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambapo kiishio -ika hutia na kiishio -ua hutoa: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Katika safu hiyo hiyo, mwenza wa vumbika ni vumbua. Tumezoea kulitumia vumbua kwa wavumbuzi na uvumbuzi wao hata tukasahau kwamba lilikuwa la kufukua kilichofunikwa vumbini. Mashine ikivumbikwa usiku, asubuhi huvumbuliwa. Na kwa sarufi yake, vumbika huchukua kitendwa bila matata, ingawa kiishio chake kinafanana na kile cha kauli ya kutendeka: wewe unaivumbika, nayo imevumbikwa. Kinakaa sawasawa na ‘Zima’ na ‘Washa’ katika menyu moja bila kuwakanyaga wenzake.

Nimekwisha kupingwa kuhusu jambo hili, na vijana wa idara yangu, tena kwa nguvu. Wanasema mtoto wa Nairobi hajaona meko. Hilo silikubali lote. Jiko la makaa liko Kawangware, liko Kondele, liko Kongowea, na bei ya gesi ikipanda huonekana hata kwenye roshani za magorofa. Wanasema vilevile kwamba ‘lala’ ni neno ambalo mtu halihitaji kulifundishwa. Hapo wana hoja, na sitaidharau. Lakini mitaani neno hilo lina maana nyingine iliyokaza: aliyelala ni mzembe, aliyepitwa na mambo. “Wewe umelala!” Mtu akiniambia tarakilishi yangu imelala, nitadhani anaisema kwa uzee. Aidha, kutofundishwa ndiko kulikomponza mwanafunzi wangu. Neno unaloamini unalijua hulisomi tena.

Kwa ‘hibernate’ sina kitenzi kimoja cha kujivunia, wala sikitafuti. ‘Hifadhi na Uzime’ inatosha. Ni vitenzi viwili ambavyo kila mtumiaji anavijua, vimepangwa kwa utaratibu ule ule mashine inaoufuata: huhifadhi kwanza, huzimika baadaye. Atakayeniambia ni kirefu mno kwa kitufe, nitamwomba ahesabu herufi za ‘Anzisha upya’ na kuniambia tumepungukiwa na nafasi kiasi gani. Inashangaza pia kwamba kitendo hiki, kilicho salama kuliko chenzake, ndicho kilichofichwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwa kawaida hukioni katika menyu hadi uingie kwenye mipangilio ya umeme na kukitia alama mwenyewe. Sijui ni watu wangapi wanaoishi maeneo ya stima ya kubahatisha ambao wangekitumia kila siku kama wangejua kipo.

Hadi hapa nimekuwa nikizungumza kana kwamba hali zenyewe zimetulia na maneno ndiyo yenye kasoro. Sivyo tena. Watengenezaji walitaka kipakatalishi kiwe kama simu, kifunguke papo hapo na barua pepe ziwe zimeshaingia. Apple ilianza mwaka 2012 kuziruhusu baadhi ya mashine zake zipokee barua huku ‘zimelala’. Microsoft nayo ikaleta mtindo wake mwaka huo huo, na ilipotoa Windows 10 mwaka 2015 ikaupanua. Katika mtindo huo, ukifunga kifuniko, mashine haiendi S3. Inabaki S0, yaani macho kwa mujibu wa hati ile ya 1996, ila imepunguza sana shughuli zake. Vipakatalishi vingi vipya havina S3 kabisa. Kitufe hata hivyo kinaendelea kusema ‘sleep’.

Matokeo yake yamelalamikiwa sana na watumiaji: mtu hufunga mashine, huitia mkobani, na baada ya safari huitoa ikiwa moto kama chapati, betri imekwisha, kwa sababu kitu fulani ndani kiliamka njiani kikafanya kazi gizani bila hewa. Kiswahili kina jina la usingizi wa namna hiyo, mang’amung’amu, wa mtu asiyelala wala asiyekuwa macho. Ni neno zuri la kuwaeleza watu kinachoendelea, lakini kwenye kitufe ningependa tubaki jikoni. Kaa lililovumbikwa haliwezi kuchemsha chai. Kama mashine inapokea barua, basi haijavumbikwa. Moto wake umepunguzwa tu, kama unavyokunja kirekebishi cha jiko la gesi. ‘Punguza moto’ ni maneno ambayo yangemzuia mtu kuitia mashine mkobani. Nani hutia moto uliopunguzwa ndani ya mkoba?

Kibaya zaidi ni kwamba hata ‘Zima’, neno nililolitegemea tangu mwanzo wa makala haya, limeanza kuyumba. Kuanzia Windows 8 kuna utaratibu wa kuiharakisha mashine kuwaka, na kwa kawaida huja umeshawashwa. Ukichagua kuzima, programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo hakizimwi upya. Huandikwa kwenye diski kama kilivyo, kwa njia ile ile ya S4, na kesho hurejeshwa kama kilivyokuwa, pamoja na hitilafu zake ikiwa zilikuwepo. Aliyeshauriwa na fundi “izime kisha uiwashe” anaweza kuifanya kazi hiyo mara tano na shida ikabaki pale pale, akaamini fundi hajui kitu. Kwenye mashine hizo, anayetaka kuzima kwa maana ambayo bibi yangu angeielewa hushikilia kitufe cha Shift huku akibofya ‘Zima’, ama huchagua ‘Anzisha upya’. Na mfasiri aliyeletewa ‘shut down’ kwenye orodha yake, bila mashine mbele yake, ataandika neno gani?